Watoto wa paking, Nairobi

Naandika kutoka Hagsätra, kituo cha mwisho cha treni ya chini ya ardhi, laini ya 19.

Binamu yangu wa Umoja ameniuliza huku Stockholm tunaegeshaje magari. Jibu ni fupi tu: unasoma kibao, unabonyeza simu, pesa zinakatwa. Humwoni mtu. Ukikosea unakuta karatasi kwenye kioo, na karatasi haibembelezwi! Lakini swali lake limenikumbusha biashara ya paking ya kwetu Nairobi, ile iliyoanzishwa na watoto. Siku zote inaandikwa kama tatizo la jiji. Mimi nasema ilikuwa biashara.

Baada ya uhuru, 1963, watu walimiminika mjini. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi, na ile ya 1979 ikafika 827,775. Magari nayo yaliongezeka, ila katikati ya mji ni pale pale. Watoto waliolala nje waligundua kwamba dereva anayezunguka akitafuta nafasi yuko tayari kumlipa atakayemwonyesha. Basi kijana anakimbia mbele ya gari, anapunga mkono, "kuja, kuja, simama hapo", kisha anabaki kulilinda mpaka mwenyewe arudi. Mtaji wake ni macho na miguu. Kila kundi lilikuwa na upande wake wa barabara, na mgeni hakuingia hivi hivi.

Mjomba alikuwa na Datsun, na Jumamosi akiegesha Biashara Street alikuwa na kijana wake mmoja, hakumpa mwingine gari. Siku moja mtu alianza kung'oa kioo cha pembeni, yule kijana akapiga kelele hadi mwizi akatoroka. Tangu siku hiyo Mjomba akawa anamwita "askari wangu", na malipo yakapanda.

Watu waliwaita "parking boys", na jina hilo likawa la kila mtoto wa mtaani, hata yule ambaye hajawahi kulinda gari. Mwaka 1973 Padri Arnold Grol, Mholanzi, alianzisha Undugu Society kwa ajili yao.

Miaka ya 1990 mambo yaliharibika. Watoto walikuwa wengi kuliko magari ya kulinda, na gundi ya kunusa ikashika. Wengine wakaacha kuuza ulinzi wakauza woga: toa pesa au nikupake kinyesi. Mliokuwa mkipita mjini vioo vimefungwa na joto lote lile, mnakumbuka. Hata jina likabadilika, tukawaita machokora. Jina la kwanza lilitaja kazi aliyokufanyia mtu. Hili la pili linataja jaa.

Mwaka 2003 serikali ya NARC, chini ya waziri wa serikali za mitaa Karisa Maitha, iliwaondoa wengi barabarani, ikaunda mfuko wa kusaidia familia za mitaani, na baadhi yao wakapelekwa National Youth Service kujifunza ufundi. Lilikuwa jambo jema kuliko virungu vya kanjo, hilo nakubali. Waliorudi mjini walikuta kazi ya paking ina wenyewe: watu wa kanjo na vitabu vya risiti, na ile minyororo ya magurudumu. Mwaka 2013 kaunti ikapandisha ada kutoka shilingi 140 hadi 300 kwa siku, na 2014 malipo yakahamia kwenye simu. Dereva aliyekwisha kulipa 300 kwa simu hashuki na sarafu mkononi, na ile sarafu ndiyo iliyokuwa mshahara wa mtoto.

Mjomba, kama kuna anayekusomea haya, niambie: yule askari wako wa Biashara Street aliitwa nani? Na mara ya mwisho ulimwona mwaka gani?