SAFU YA LUGHA: Nguzo si jabali

Siku hizi mwamba wowote uliochomoza kwenye ukingo wa Manga, Nyamira, huitwa “nguzo ya kale”. Sivyo. Nguzo husimamishwa na mkono wa mtu. Lothagam Kaskazini, Turkana, wafugaji walisimamisha nguzo za mawe yapata miaka 5,000 iliyopita, penye kaburi kubwa walimozikwa watu wasiopungua 580. Kazi hiyo ya kuchagua, kubeba na kusimika ndiyo inayobebwa na neno nguzo, na tunaidhulumu tukilitumia ovyo.

Kit Mikayi kule Seme, Kisumu, ingawa watu huenda kusali hapo, ni jabali, neno lililotoka Kiarabu, ambako humaanisha mlima. Mwamba ni jiwe kubwa lililoshikamana na ardhi. Mnara nao hujengwa, jiwe juu ya jiwe.