Mhandisi wa Ndege katika Super VC10 ya Afrika Mashariki

Historia ya ndege za jeti za abiria za shirika la East African Airways yaanza mwaka 1960, lilipopokea Comet 4. Mwaka 1966 ikafuata Super VC10, ya jamii iliyobuniwa Uingereza kwa viwanja vyenye joto na vilivyo juu sana, kama Nairobi, ambako wepesi wa hewa hupunguza nguvu za injini.

Katika chumba cha uongozi, marubani wawili walitazama mbele. Nyuma yao, upande wa kulia, aliketi mhandisi wa ndege, mbele ya ukuta uliojaa mita na swichi. Yeye ndiye aliyesimamia mafuta, umeme, haidroliki na kanieneo ya hewa ya abiria. Rubani alirithi jina lake kutoka baharini, kwa aongozaye chombo; huyu wa tatu hakuwa na mwenzake jahazini, hivyo Kiswahili kikamwita kwa kazi yake.

Msingi wa usanifu huo ulikuwa kwamba kifaa kimoja kikishindwa, kingine kishike nafasi. Sehemu za kuongozea ndege, mabawani na mkiani, ziligawanywa vipande 11, kila kipande na mtambo wake.

Hata hivyo, kinga hiyo ilikuwa na mpaka. Tarehe 18 Aprili 1972, huko Addis Ababa, gurudumu la mbele la Super VC10 ya shirika hilo lilikanyaga pedi ya chuma ya jeki iliyokuwa njiani, na tairi likapasuka. Rubani aliamua kutoruka, lakini breki hazikushika kwa nguvu zote. Ndege ikapita mwisho wa njia. Kati ya watu 107, walikufa 43. Uchunguzi ulibainisha kuwa sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imeunganishwa vibaya.

East African Airways ilivunjika mwaka 1977. Airbus A310 ilipofika Kenya Airways mwaka 1986, kazi za mhandisi zilikuwa zimekabidhiwa kompyuta na viwambo, wakabaki marubani wawili. Kiti cha tatu kiliweza kuondolewa. Mkono wa fundi wa karakanani haukuweza. Kwa sababu hiyo, historia ya usalama wa ndege haikamiliki ikiishia mlangoni mwa chumba cha rubani.