Simba wa Tsavo: sinema mbili, hesabu tatu na kisanduku kitupu

Leo hakuna somo la programu. Leo ni historia na sinema, ingawa mkivumilia mpaka chini mtaona bado tunazungumza habari za data.

Mnazijua zile sinema ambamo muuaji anawamaliza watu mmoja mmoja usiku, na wewe mtazamaji unahesabu waliobaki, kisha dakika za mwisho linatokea jambo linalopindua kila ulichokuwa unaamini? Hapa kwetu Taita Taveta tunacho kisa cha namna hiyo, ila muuaji hana kisu wala kinyago. Ni wale simba wawili wa Tsavo, na Hollywood imewatolea sinema mbili zilizojulikana sana. Watu wamezibishania miaka na miaka. Mimi naona kwamba ubishi wenyewe umeacha nje jambo kubwa kuliko yote.

KISA CHENYEWE

Kwa wasioijua njia yetu: ukitoka Voi kuelekea Nairobi, baada ya kama kilometa 50 unavuka Mto Tsavo. Machi 1898 John Henry Patterson, afisa wa jeshi la Uingereza na mhandisi, alifika hapo kusimamia ujenzi wa daraja la Reli ya Uganda, ambayo kazi yake ilianza Mombasa mwaka 1896. Vibarua wengi walikuwa Wahindi walioletwa kwa mkataba. Waafrika nao walikuwepo, wakibeba mizigo, wakifyeka vichaka na kutumika kambini.

Kwa muda wa miezi tisa hivi, simba wawili madume, wote bila manyoya ya shingoni, waliingia mahemani usiku na kuburuta watu. Vibarua walijenga maboma ya miiba, wakawasha moto, wakapiga makopo, lakini simba walipenya. Tarehe 1 Desemba 1898 mamia ya wafanyakazi walisimamisha treni, wakapanda, wakaondoka. Kazi ya daraja ikalala kama wiki tatu. Patterson alimuua simba wa kwanza tarehe 9 Desemba na wa pili tarehe 29 Desemba. Daraja likakamilika mwanzoni mwa 1899.

Ngozi za simba hao zikawa mazulia nyumbani kwa Patterson kwa miaka 25 hivi, zikikanyagwa. Mwaka 1924 akaziuza kwa makumbusho ya Field ya Chicago kwa dola 5,000, pamoja na mafuvu. Kwa kuwa ngozi zilishakatwakatwa zitandikwe chini, simba waliojazwa huko wanaonekana wadogo kuliko walivyokuwa. Kumbukeni hayo mafuvu, tutayarudia.

MIWANI YA 1952

Sinema ya kwanza ni Bwana Devil ya Arch Oboler, iliyoonyeshwa mara ya kwanza huko Los Angeles mwezi Novemba 1952. Mhusika mkuu si Patterson, wamempa jina jingine, lakini kisa ni kilekile: reli, vibarua, simba wawili. Sehemu kubwa ilipigwa California.

Kwa nini mwandishi wa programu aijali? Kwa sababu ndiyo sinema ndefu ya rangi iliyoanzisha wimbi la sinema za pande tatu Marekani. Teknolojia yake ilikuwa rahisi na yenye akili. Kamera mbili zilipiga picha kwa pamoja, moja kwa niaba ya jicho la kushoto na nyingine la kulia. Ukumbini, mashine mbili ziliendeshwa kwa mwendo mmoja, kila moja ikiwa na kichujio kinachopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu. Miwani ya mtazamaji ilikuwa na vichujio vilevile, hivyo kila jicho lilipata picha yake peke yake na ubongo ukaziunganisha. Pazia ilibidi liwe la rangi ya fedha, maana pazia jeupe la kawaida huuvuruga mpangilio wa mwanga. Tena kwa kuwa mashine zote mbili zilikuwa kazini kwa wakati mmoja, haikuwezekana moja ipumzike huku nyingine ikiendelea. Basi sinema isiyofika hata saa moja na nusu ikalazimika kuwa na mapumziko katikati ili wabadilishe mikanda.

Watazamaji walisemaje? Wahakiki waliiponda: hadithi dhaifu, uigizaji wa kuchosha. Watu wa kawaida wakapanga foleni. Hawakwenda kujua habari za Tsavo, walikwenda ili simba awarukie usoni. Mpiga picha J. R. Eyerman wa jarida la Life aliwapiga picha wakiwa wamekaa safu kwa safu na miwani yao, na leo picha hiyo ya watazamaji inajulikana kuliko sinema yenyewe. Miezi michache baadaye, mwaka 1953, ikafuata House of Wax, na wimbi likapanda. Kwa ufupi, Tsavo yetu ilitumika kufanyia majaribio ya kifaa kipya.

YA 1996

Ya pili ndiyo wengi wenu mmeiona: The Ghost and the Darkness, ya mwaka 1996. Mwandishi ni William Goldman, mwongozaji ni Stephen Hopkins. Val Kilmer ni Patterson, Michael Douglas ni mwindaji Remington, na John Kani wa Afrika Kusini ni Samuel, ambaye ndiye pia msimulizi.

Huyu Hopkins, mwaka 1989, aliongoza sehemu ya tano ya A Nightmare on Elm Street, yaani sinema za yule Freddy mwenye kucha za visu. Ukijua hilo, unaelewa kwa nini simba wa Tsavo wanatembea kama Freddy. Hawaonekani mapema. Nyasi zinatikisika, kamera inakuwa jicho la muuaji, mtu anayecheka sana ndiye anayefuata kufa. Baada ya simba wa kwanza kuuawa watu wanasherehekea, na asubuhi Remington, yule uliyedhani hawezi kufa, ameshachukuliwa. Kisha inakuja ile ndoto ya stesheni, mke wa Patterson anashuka na mtoto, simba anakimbia kwenye nyasi, na wewe moyo unasimama kabla hujagundua kwamba ni ndoto.

Maoni yaligawanyika vibaya. Kilmer aliteuliwa kwa tuzo ya Razzie ya uigizaji mbaya (kwa sinema hii pamoja na nyingine ya mwaka huohuo), na hapohapo sinema ikashinda Oscar ya uhariri wa sauti. Ngurumo zile zilistahili, tuseme ukweli.

WATU WANABISHANIA NINI

Nimeuliza watu wengi, Voi na kwingineko, wanaionaje. Majibu yanajipanga katika makundi matatu.

La kwanza ni la wasahihishaji. Simba wa kweli hawakuwa na manyoya ya shingoni, wa kwenye sinema wanayo tele. Remington hakuwahi kuwepo, ni wa kubuni. Mandhari ni ya Afrika Kusini, si ya hapa, na mtu wa Voi anaiona tofauti hiyo mara moja. Yote ni kweli, na yanauma zaidi kwa kuwa msimulizi anaanza kwa kutuhakikishia kwamba hata yale yasiyosadikika yalitokea.

Kundi la pili wanataka kujua sababu. Kwa nini simba wale walikula watu? Sinema inajibu kwamba walikuwa na kitu cha kishetani, wanaua kwa kupenda kuua, na inatuonyesha pango lao limejaa mifupa. Pango hilo halikutoka hewani, maana Patterson mwenyewe aliandika kwamba alikuta pango lenye mifupa ya watu akaliita maskani ya simba. Lakini watafiti walilitafuta tena miaka ya 1990, na wapo walioona kwamba lilifanana zaidi na mahali pa maziko. Mtu wa Taita hashangai. Wazee wetu walikuwa na desturi ya kufukua fuvu la marehemu baada ya muda na kulihifadhi kwenye pango la ukoo. Huenda basi pango la kutisha la kwenye sinema lilikuwa makaburi ya familia za watu.

Sababu yenyewe ilikuwa ya kawaida na ya kusikitisha. Sotoka iliyoingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua ng'ombe na nyati kwa wingi. Ukame na njaa vikafuata. Simba mmoja, na fuvu lake linaonyesha wazi, alikuwa na jino la mbele lililovunjika na jipu kwenye mzizi. Mnyama mwenye maumivu hayo hawezi kumkaba pundamilia vizuri. Mtu aliyelala hemani ni laini.

La tatu ni la hesabu. Hapa ndipo penye mwisho unaopindua hadithi.

28, 135 AU 35?

Wasimamizi wa reli walitaja vifo 28. Patterson katika kitabu chake cha 1907 alisema Wahindi 28, akaongeza kwamba Waafrika wengi nao waliliwa lakini hawakuandikwa popote. Baadaye, katika kijitabu cha makumbusho ya Chicago cha mwaka 1925, akataja watu 135.

Mwaka 2009 Justin Yeakel, Nathaniel Dominy na wenzao walichapisha hesabu ya tatu. Wazo lao ni zuri. Chakula unachokula huacha alama mwilini, kwa uwiano wa aina nzito na nyepesi za kaboni na naitrojeni. Mfupa hutunza wastani wa miaka mingi, nywele hutunza miezi ya mwisho tu. Ni kama kumbukumbu mbili za seva moja: moja ya muda mrefu, moja ya juzi. Wakapima mifupa na manyoya ya simba wale, wakalinganisha na wanyama wa Tsavo. Na ili kumjua binadamu anafananaje katika vipimo hivyo, walipima mifupa ya Wataita wa karne ya 19.

Jibu lao: kama watu 35 waliliwa, na kwa uhakika wa kitakwimu ni kati ya 4 na 72. Mmoja alikula kama 24, mwenzake kama 11. Katika miezi ya mwisho karibu asilimia 30 ya chakula cha yule wa kwanza kilikuwa watu, na ndiye mwenye jino bovu. Yaani simba wawili waliowinda pamoja hawakula sawa. Mwaka 2024 kundi jingine, likiwemo la watafiti kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Chuo Kikuu cha Nairobi, lilisoma DNA ya manyoya yaliyonasa kwenye matundu ya meno ya simba hao. Wakakuta twiga, choroa, kuro, nyumbu, pundamilia, na binadamu. Habari za ndani za nywele za binadamu hawakuzitangaza, kwa sababu huenda wapo jamaa wa marehemu wanaoishi mpaka leo, na wanapaswa kuzungumzwa nao kwanza.

Basi watazamaji wengi waliposoma 35 wakasema: aha, Patterson alitia chumvi, mambo yamekwisha. Mimi nasema ngojeni kidogo. Kipimo kile kinahesabu walioliwa. Aliyeuawa akaokolewa mwili, au aliyekufa kwa majeraha, hamo. Na kile kipeo cha 72 si kidogo.

KISANDUKU KITUPU SI SIFURI

Yeyote aliyewahi kuandika programu ya hifadhidata anajua kosa hili. Kisanduku kilichoachwa kitupu si sawa na kisanduku kilichoandikwa sifuri. Sifuri maana yake tulihesabu, hakuna. Tupu maana yake hatukuhesabu. Ukiziacha programu zako zichanganye viwili hivyo, ripoti itatoka safi, imepangika, na ya uongo.

Ile 28 ni ripoti ya namna hiyo. Wahindi walikuwa na mkataba, na mwenye mkataba ana jina kwenye daftari la mshahara. Akipotea, daftari linapungua mstari. Mwafrika aliyebeba maji, au mwanakijiji aliyekamatwa njiani, hakuwa na mstari. Akipotea, hakuna kinachopungua. Ile 135 nayo ni jaribio la kujaza pengo kwa kukisia.

Kwa hiyo mimi naona mwisho wa kweli wa kisa hiki ni huu: baada ya miaka 111 ya kubishana, njia ya kuwakadiria waliosahauliwa ilipitia miili ya wauaji wao, na kipimo kilikuwa mifupa ya Wataita, ambao nao hatuyajui majina yao. Reli ilitunza habari za kila taruma na kila ratili. Ushahidi wa watu hawa ukabaki kwenye mazulia ya Patterson.

Sisemi msizitazame sinema hizo. Mimi The Ghost and the Darkness nitaitazama tena, na kwenye ile ndoto ya stesheni nitaruka tena. Ila mkiitazama, acheni kidogo kuhesabu makosa ya manyoya. Angalieni wanaokufa mbali na kamera, wasiotajwa jina, na jiulizeni daftari lao liko wapi. Na ninyi wenzangu mnaojenga mifumo ya kuandikisha watu, iwe ya hospitali, ya mishahara au ya shule, angalieni nani hana kisanduku kwenye jedwali lenu. Miaka mia ikipita, mtu atamchukua kama sifuri.

Kama kwenu kuna mzee anayejua kisa cha ndugu aliyepotea Tsavo wakati wa reli, mwandikeni mapema angali hai. Hata mistari miwili inatosha.

Tukutane wiki ijayo, turudi kwenye programu.