Elika, Ngitili na Miti ya Shule

Mara nyingi tunapowaona wanafunzi wakipanda miti katika kiwanja cha shule, au wakizuia mmomonyoko wa udongo katika kijiji jirani, husemwa kwamba hiyo ni elimu mpya iliyoletwa na vitabu na semina. Usemi huo una upungufu. Kazi ya vijana ya kuitunza ardhi, tena chini ya uongozi wao wenyewe, ina asili katika utamaduni wetu, na historia ya Usukuma, hasa Shinyanga, yatosha kuwa ushahidi. Historia hiyo yatufunza na jambo la pili: kazi hiyo hiyo ikifanywa kwa amri tupu haidumu.

Zamani vijana wa Kisukuma walikuwa na chama chao cha kazi kilichoitwa elika. Msomaji wa Kiswahili atasikia humo mwangwi wa neno rika. Elika iliitwa kulima, kupalilia na kuvuna mashamba ya wanakijiji, na ujira wake ulikuwa nafaka au mnyama, ambao vijana waliula pamoja katika karamu. Kiongozi wao, nsumba ntale, yaani "kijana mkubwa", alichaguliwa na vijana wenyewe. Yeye ndiye aliyewakusanya wenzake kazini, na ndiye aliyesema na wazee kwa niaba yao. Basi tunapozungumza leo juu ya wanafunzi kujiongoza, hatuzungumzi juu ya jambo geni.

Pamoja na elika kulikuwa na desturi ya ngitili. Hii ni sehemu ya malisho iliyofungwa mvua zilipoanza, nyasi na miti ikaachwa ikue, kisha ikafunguliwa kiangazi kilipokuwa kikali, kwa ajili ya ndama, maksai wa kulimia, na wanyama wazee au wagonjwa. Palikuwa na ngitili za familia na ngitili za jamii. Aliyevunja kanuni alijibu mbele ya dagashida, yaani mkutano wa wananchi. Ardhi ilikuwa na sheria, na sheria ilikuwa na wenyewe.

Urithi huo uliharibikaje? Katika miaka ya 1920 mapori makubwa ya Shinyanga yalifyekwa ili kuwafukuza mbung'o. Baadaye kilimo cha pamba kilipanuka, mifugo ikaongezeka, na kuni zikazidi kuhitajika. Serikali ya kikoloni ilipoona udongo unamomonyoka, ilitunga amri na faini. Yaliyotokea Uluguru mwaka 1955 yajulikana: wananchi waliokuwa wakilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi milimani waliasi, na mpango ule ukaachwa. Hawakuuchukia udongo wao. Walichukia kufanywa watumwa juu yake. Hata baada ya Uhuru, kuhamia vijijini kati ya 1973 na 1976 kuliwatenga watu wengi na ngitili zao za asili, na nyingi zikabaki bila mlinzi. Shinyanga ikafika hata kuitwa jangwa la Tanzania.

Turudi sasa shuleni. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wengi hulikumbuka kwa majembe. Wachache hukumbuka kwamba lilitaka wanafunzi waamue wenyewe mambo mengi ya shamba lao. Kwa mfano, kama fedha waliyoipata itumike kukodi trekta, au itumike kwa mahitaji mengine nao walime kwa mikono yao. Huo ndio moyo wa elika uliovaa sare ya shule. Kwa bahati mbaya, katika shule kadha wa kadha jembe lilibaki na uamuzi ukaondoka. Shamba likawa mahali pa kumpeleka mchelewaji na mtoro. Na mwanafunzi anayemwagilia mti kwa kuadhibiwa hujifunza jambo moja tu, nalo ni kuuchukia mti.

Hata hivyo mbegu haikufa. Nchini Kenya, mwaka 1968, wanafunzi wa sekondari walianzisha vilabu vya wanyamapori. Kwetu vilabu vya Malihai vilianza mwaka 1980. Mwaka 1991 kikundi cha wanafunzi wa sekondari za Dar es Salaam, waliochukizwa na mambo kama uvuvi wa baruti unaobomoa matumbawe, walikutana na mtafiti wa sokwe, marehemu Jane Goodall, nyumbani kwake. Hapo kikazaliwa chama cha Roots & Shoots, yaani Mizizi na Machipukizi, ambacho kimeenea katika nchi nyingi za dunia. Kanuni yake ni nyepesi: wanafunzi wenyewe hutazama mahali wanapoishi, wakachagua kazi ya kuwafaa watu, wanyama na mazingira.

Shinyanga nayo ilipata funzo hilo hilo. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986. Mafanikio yake makubwa yalipatikana wananchi walipoachiwa wafufue ngitili zao kwa kanuni zao, na mwaka 2002 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kilichorudisha uoto ni desturi iliyopewa tena heshima.

Kwa walimu na wanafunzi twatoa haya machache. Kupanda mti ni kazi ya asubuhi moja. Kuukuza ni kazi ya miaka. Mche ukitoka kwenye kiriba hukutana na kiangazi, mchwa na mbuzi, na hukutana na likizo, shule inapobaki tupu. Mwanafunzi wa sekondari hukaa shuleni miaka minne, nao mti huhitaji zaidi. Kwa hiyo chama cha wanafunzi kisichokuwa na zamu za likizo, kisichorithisha kazi kwa kidato cha chini, wala kisichokwenda kuzungumza na wafugaji katika mkutano wa kijiji, kitapanda kila mwaka katika mashimo yale yale. Wazee wa kijiji wanajua ni mti gani unaostahimili na ni upande upi maji hupita. Waulizwe kabla ya jembe kushikwa.

Mwalimu naye awe kama wazee waliomwachia nsumba ntale nafasi yake: atoe shauri, atoe maarifa, lakini asiwanyang'anye vijana uamuzi. Penye kosa wataona kosa lao, na penye kivuli watajua ni kivuli chao. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema. Nasi twaongeza kwamba kijana aliyezoea kuamua juu ya kitalu kidogo cha shule hatashindwa kesho kusimama kijijini kwake na kuitetea ardhi ya Taifa.