MSINGI KWANZA, DARI BAADAYE



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Katika majumba yetu ya pwani, matokeo ya mitihani yatokapo, kijana aliyepata nafasi ya chuo kikuu hupigiwa vigelegele. Aliyepata nafasi ya kusoma diploma ya ufundi, watu hunyamaza, na mama yake huulizwa kwa sauti ya chini, "Kwani mwanao hakufaulu?" Kwa neno hili moja vijana wengi huikimbia njia ambayo ingewafikisha kwenye shahada ya uhandisi. Basi na tuitazame historia tuone yasemaje.

Kwanza tujue uhandisi umesimama juu ya nini. Wazee wetu waliojenga nyumba za mawe za Lamu, Mombasa na Unguja walilaza dari zao juu ya boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vile ni virefu na vyembamba, na upana wake haupiti sana mita 3. Fundi aliujua mpaka huo kwa mazoea aliyorithi kwa babaye. Mhandisi huujua kwa hisabu: boriti ya unene ule ule, ikirefushwa mara 2 na kutwikwa mzigo ule ule katikati, haipindi mara 2, hupinda mara 8. Hisabu hiyo haifahamiki ila kwa aliyesoma aljebra, kisha kalkulasi, kisha elimu ya nguvu katika fizikia. Asiyekuwa na hayo, akiingizwa darasa la uhandisi, hukariri asichokielewa. Na dari iliyokadiriwa kwa kukariri huwaangukia watu.

Wala elimu hii si ngeni kwetu. Jina lenyewe la aljebra ni neno la Kiarabu, limetokana na kitabu cha Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika karne ya 9.

Sasa tuje kwetu. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, alitoa gazeti lake Al-Islah pale Mombasa mwaka 1932, akiwaamsha Waislamu wasiachwe nyuma. Wazazi wa zama hizo waliziogopa skuli, na hawakuogopa bure, kwani nyingi zilikuwa za misheni. Lakini khofu ile ilikuwa na gharama. Meli zilitia nanga Kilindini, reli ikapita mlangoni mwetu, na kazi za uhandisi zikashikwa na wengine.

Ndipo mwaka 1948 Sultani wa Zanzibar, Seyyid Khalifa bin Harub, alipotoa pauni 100,000 kwa ajili ya chuo cha ufundi cha Waislamu wa Afrika Mashariki. Aga Khan akachangia, Mabohora wakachangia, serikali ya Uingereza ikatia mkono, na Sheikh Khamis Mohamed bin Juma wa Mombasa naye akatoa. Tazama, ewe msomaji: Ibadhi, Ismailia, Bohora na Sunni, kila mmoja na madhehebu yake, na wote wakakutana katika jambo moja la kheri. Chuo kikajengwa Tudor, kikajulikana kwa jina la MIOME, na mwezi wa Mei 1951 masomo yakaanza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kikafungua milango kwa watu wa dini zote. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikawa chuo kikuu kamili cha ufundi. Miaka 62 ya kupanda ngazi, daraja baada ya daraja! Wala si hicho peke yake. Makerere ilianza mwaka 1922 na wanafunzi 14 waliosomeshwa useremala, ujenzi na umakanika. Chuo Kikuu cha Nairobi kimetokana na chuo cha ufundi kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Ikiwa vyuo vikuu vyenyewe vimepita njia hii, mtoto wetu aione haya kwa lipi?

Sisi watu wa madrasa ndio wa kwanza kulifahamu jambo hili. Nani aliyempa mwanafunzi Alfiyya kabla ya Ajurumiyya? Nani aliyemfungulia Minhaji asiyeijua Safina? Mtoto huanza kwa alifu na irabu, na hapana anayemcheka.

Nchini Kenya, kidato cha 5 na cha 6 vilipofutwa mwishoni mwa miaka ya 1980, ile miaka 2 ya kuimarisha hisabati na fizikia iliondoka, na mzigo wake ukaangukia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu. Tanzania Bara na Visiwani vidato hivyo vimebaki, na atakaye uhandisi huchukua fizikia, kemia na hisabati. Huku na huko, mwenye diploma nzuri ya ufundi aweza kukubaliwa kusoma shahada. Basi mzazi aulize mapema: je, diploma hii yatambuliwa na chuo kikuu tukitakacho? Alama gani zatakiwa? Na hisabati za mtoto zikiwa dhaifu, azirudie mpaka zikae, japo kwa mwaka mzima. Na haya ni kwa binti kama yalivyo kwa mvulana.

Imamu Ghazali ameihesabu hisabu na kazi za mikono ambazo watu hawana budi nazo kuwa ni fardhi kifaya: mji ukikosa wenye kuzijua, wote wana dhambi. Basi yule kijana wa diploma, tunayemnong'onia mama yake, huenda ndiye atakayetuondolea dhambi hiyo. Tumpigie vigelegele naye.

Wabillahi tawfiq.