Homa moja, magonjwa mengi: historia ya tone la damu kwenye kioo

Ndugu mfugaji, simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Afisa, ng'ombe wangu hali, ana homa, masikio yamelegea. Nimemchoma OTC siku mbili, hakuna nafuu. Sasa nichome nini?" Nami humuuliza: umepima damu? Wengi hunyamaza. Wengine hucheka na kusema, damu ya ng'ombe ya kupima ya nini, wakati dawa ipo dukani?

Leo sitaandika dozi. Nitasimulia historia, kwa sababu swali hilo la "nichome nini" liliwahi kuwashinda wataalamu wakubwa kabisa, na mmoja wao alishindwa akiwa hapahapa kwetu, Dar es Salaam. Ukikijua kisa chake, utaelewa kwa nini ninasumbua watu na vioo vya damu.

Kupe anashtakiwa

Zamani wafugaji wa Marekani walikuwa na fumbo. Ng'ombe wa kusini, wa Texas, walipopelekwa kaskazini, wao walibaki wazima, lakini ng'ombe wenyeji wa kaskazini waliochunga walikopita walikufa kwa homa na mkojo mwekundu. Wachungaji wengine walisema ni kupe. Wasomi wengi hawakuwaamini.

Mwaka 1888 daktari Victor Babes wa Romania aliona vijidudu ndani ya damu ya ng'ombe waliokuwa wakikojoa damu. Kisha, mwaka 1893, Theobald Smith na Frederick Kilborne wa Marekani walichapisha ushahidi kamili: ugonjwa wa Texas unatokana na vijidudu vinavyoishi ndani ya chembe nyekundu za damu, na anayevibeba ni kupe. Huo ndio ugonjwa tunaouita kukojoa damu. Wachungaji walikuwa wamesema kweli.

Kuanzia hapo hadubini ikawa na heshima. Daktari alipaka tone la damu kwenye kioo, akalikausha, akalitia rangi, akatazama. Rangi hiyo iliboreshwa na Gustav Giemsa wa Hamburg mwaka 1904, na mpaka leo maabara zetu zinaitumia kwa jina lake.

Dar es Salaam, 1897

Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam Robert Koch, Mjerumani aliyekuwa amegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882. Alikuwa ametoka Kimberley, Afrika Kusini, kuchunguza sotoka, akapitia India kwenye tauni. Hapa pwani alitazama damu ya ng'ombe na kuona vijidudu vidogo sana ndani ya chembe nyekundu, vingine vyembamba kama vijiti.

Koch alijua habari za ugonjwa wa Texas. Basi akaamua kwamba vijidudu hivyo vidogo ni vilevile vya Texas, ila bado ni vichanga. Mwaka 1898 akaandika hivyo katika taarifa zake za safari.

Alikosea. Ng'ombe wa pwani mara nyingi hubeba vijidudu vya aina zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Vile vikubwa vilikuwa vya kukojoa damu. Vile vidogo vilikuwa vya ugonjwa mwingine kabisa, ambao hapa Tanzania tunauita ndigana kali. Macho ya Koch yaliona vizuri, ila jina alilotoa halikuwa lake.

Ng'ombe wazima waliobeba mauti

Kosa la jina lingeweza kubaki kwenye karatasi tu, lakini halikubaki. Sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe kusini mwa Afrika mwaka 1896 na 1897. Walowezi wa Rhodesia Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, walitaka kujaza tena mazizi yao. Wakanunua ng'ombe kutoka pwani ya Afrika Mashariki, wakawasafirisha kwa meli hadi bandari ya Beira, kisha kwa reli kwenda bara. Ng'ombe hao walikuwa wazima kwa macho, kwa kuwa walishaugua utotoni wakapona. Walikuja pia ng'ombe wa Australia kwa njia hiyohiyo ya Beira, ambao hawajawahi kuonja magonjwa yetu.

Kufikia mwaka 1901 na 1902 ng'ombe walikuwa wakianguka kuanzia Umtali hadi Salisbury na Bulawayo, na mwaka 1902 ugonjwa ukaingia Transvaal. Wataalamu wa mifugo wa wakati ule, Charles Gray na William Robertson, walitazama damu, wakaona vijidudu, na taarifa yao ya mwaka 1902 ikauita ugonjwa huo Texas, yaani kukojoa damu.

Lakini dalili hazikukubaliana na jina. Ng'ombe wengi waliokufa hawakukojoa damu. Tezi zao zilivimba, wakahema kwa shida, mapovu yakatoka puani. Ng'ombe waliokwisha kupona kukojoa damu, ambao walitakiwa kuwa na kinga, nao walikufa.

Mwaka 1903 Koch aliitwa Bulawayo kusaidia. Hapo alikubali kwamba huu ni ugonjwa wa peke yake, na kwamba ndio aliouona Dar es Salaam. Akauita homa ya pwani. Akashauri wafugaji wachome ng'ombe wao mara kwa mara kwa damu ya ng'ombe waliopona. Kazi ikafanyika, na ng'ombe wakaendelea kufa.

Kwa nini ilishindikana? Arnold Theiler, daktari wa mifugo wa Pretoria, alionyesha jambo la ajabu: ukichukua damu ya ng'ombe mgonjwa wa homa hii ukamchoma mzima, kwa kawaida haugui. Kwa kukojoa damu, damu hiyo humwambukiza. Hiyo ni tofauti kubwa kama usiku na mchana, na isingejulikana kwa kutazama homa peke yake. Leo kijidudu cha ndigana kali kinaitwa Theileria, kwa heshima yake.

Mbwa wa Cape alivyosaidia

Sasa watu wakauliza: kupe gani anaubeba? Jibu lilianzia kwa mbwa. Kule Cape mbwa walikuwa wakifa kwa homa, fizi zikiwa nyeupe au za manjano na mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi. Charles Lounsbury, mtaalamu wa wadudu wa koloni lile, alikusanya kupe kutoka kwa mbwa wagonjwa, akaacha watage, akalea watoto wao hadi ukubwani, akawaweka kwenye mbwa wazima. Mwaka 1901 akaonyesha kwamba kupe wakubwa waliozaliwa na mama aliyenyonya mbwa mgonjwa ndio walioleta maradhi.

Kwa ujuzi huohuo, mwaka 1904 alithibitisha kwamba homa ya pwani inabebwa na kupe kahawia wa masikioni. Huyu haambukizi kupitia mayai. Akinyonya ng'ombe mgonjwa akiwa mdogo, hudondoka chini, hujivua gamba, kisha humpanda ng'ombe mwingine na kumwambukiza.

Hapo jina sahihi likaanza kuokoa ng'ombe. Kupe wa bluu, anayeleta kukojoa damu, hukaa kwenye ng'ombe mmoja kwa wiki tatu hivi. Kupe wa masikioni hukaa siku chache tu, akadondoka. Mtu anayeogesha kila baada ya wiki tatu humkamata wa bluu, lakini wa masikioni ameshashiba na kuondoka. Kusini mwa Afrika ilibidi kuogesha kila baada ya siku chache, kuweka uzio na kuzuia ng'ombe kuhamahama. Ilichukua hadi miaka ya 1950 kuumaliza ugonjwa huo Afrika Kusini. Huku kwetu bado upo.

Kioo cha pili

Somo jingine la miaka ile ni kwamba damu ya sikio peke yake haitoshi kila mara. Katika ndigana kali, kijidudu huanza kazi ndani ya chembe nyeupe, kwenye tezi. Koch aliona humo vidonge vya rangi ya bluu, na hadi leo vinatajwa kwa jina lake. Vijidudu kwenye chembe nyekundu za damu huonekana baadaye kidogo, na hubaki hata ng'ombe akishapona.

Maana yake kwako ni mbili. Kwanza, ng'ombe anayeshukiwa ndigana kali achukuliwe vioo viwili: kimoja cha damu, kimoja cha majimaji ya tezi iliyovimba, chini ya sikio au mbele ya bega. Pili, vijidudu vichache kwenye damu ya ng'ombe mzima si lazima viwe ndio ugonjwa wa leo. Ndiyo maana mtaalamu wa maabara atakuuliza umri, joto, tezi, mkojo na dawa uliyokwisha kumpa. Usiudhike na maswali yake. Koch aliponzwa na kutazama kioo bila kupata habari za kutosha za mnyama.

Kosa lile bado tunalo

Tukirudi kwenye simu yangu ya asubuhi, homa na kutokula huweza kuwa ndigana kali, ndigana baridi, kukojoa damu, maji moyo au nagana. Dawa zake hazifanani.

- Ndigana kali hutibiwa kwa dawa ya buparvaquone, na mapema. OTC haiponyi ndigana kali iliyokwisha kuonyesha dalili. Hutolewa siku ileile ya chanjo yake ili kuzuia chanjo isilete ugonjwa, na huenda hapo ndipo watu walipopata sifa zake.
- Ndigana baridi na maji moyo husikia OTC.
- Kukojoa damu na nagana husikia diminazene, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Berenil.

Anayechoma kwa kubahatisha hulipa mara tatu: bei ya dawa isiyofaa, siku zilizopotea, na maziwa ya kumwaga, maana maziwa ya ng'ombe aliyechomwa OTC hayauzwi mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe.

Kwa mbwa anayelinda zizi ni hivyohivyo, na hatari ni kubwa zaidi. Homa ile ya mbwa wa Cape ipo kwetu. Upo pia ugonjwa mwingine wa kupe uliogunduliwa kwa mbwa huko Algeria mwaka 1935, ambao kijidudu chake hukaa kwenye chembe nyeupe, na mbwa huweza kutokwa damu puani. Wa kwanza hutibiwa kwa diminazene au imidocarb, wa pili kwa doksisaiklini. Kwa macho wanafanana. Na diminazene ikizidi kidogo huweza kumuua mbwa, kwa hiyo usimchome kwa kukadiria kwa sirinji ya ng'ombe. Mbwa apimwe damu, apimwe na uzito.

Unavyoweza kusaidia kipimo kiwe cha kweli

1. Mpigie afisa mifugo kabla ya sindano ya kwanza. Dawa ikishaingia, vijidudu hupungua na kioo huweza kudanganya.
2. Mpime joto. Ng'ombe mkubwa akiwa na nyuzi 39.5 au zaidi asubuhi, kabla jua halijamchoma, usingoje kesho.
3. Damu ipakwe nyembamba kwenye kioo safi, ikaushwe kwa hewa, si juani wala motoni.
4. Kioo kifunikwe mara moja. Inzi hula damu ile na kukuachia kioo kitupu.
5. Andika kwa penseli namba au jina la mnyama na tarehe. Kioo kisicho na jina hakina mwenyewe.
6. Damu ya chupa iwekwe kwenye ubaridi, isigandishwe kwenye friza.

Afisa wako ataelekeza vioo kwenye maabara iliyo karibu. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina makao yake Temeke, na vituo vya kanda kama Arusha, Mwanza, Iringa, Tabora na Mtwara. Ng'ombe akiwa hoi, afisa huweza kuanza tiba akisubiri majibu, lakini vioo vichukuliwe kwanza.

Kwa wanaonunua na kuuza mnadani

Nanyi wafanyabiashara, kisa cha Beira kinawahusu. Ng'ombe walioleta maafa hawakuwa wagonjwa kwa macho. Walinawiri, walitembea, walikuwa na bei nzuri. Ng'ombe wa mnadani anaweza kuwa mzima kabisa na bado akawa na vijidudu kwenye damu na kupe masikioni. Mwogeshe kabla hajaingia kwenye zizi lako au la mteja wako, mtenge wiki tatu, mpime joto, na akichemka chukua vioo. Ukimuuzia mtu wa nyanda zisizo na kupe, mwambie ng'ombe ametoka wapi. Na ukinunua huko kumleta kwenye kupe, uliza kwanza habari za chanjo ya ndigana kali.

Koch alikuwa na hadubini bora na jina kubwa, akakosea. Alijisahihisha alipotazama tena damu, tezi na dalili kwa pamoja. Mimi na wewe hatuna jina la Koch, lakini kioo cha damu tunacho. Basi kabla hujaniuliza "nichome nini", niambie kwanza kioo kimesema nini.