Klachi za Kupokezana

Muuzaji wa magari yaliyotumika Japani akishataja mwaka, rangi na ukubwa wa injini, kuhusu gia husema neno moja tu: otomatiki. Mnunuzi naye haulizi zaidi. Gari halina kanyagio la klachi, basi kazi ya dereva ni mafuta na breki. Kwenye barabara kuu jibu hilo humtosha kwa mamia ya kilomita. Maswali huanza gari likifika Kimulot.

Kimulot ni wadi katika eneobunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, upande ambao mashamba ya chai yanapanda kuelekea msitu wa Mau. Njia nyingi za kwenda kwenye vituo vya kuuzia majani ni za murram, za kupanda na kushuka, na mvua ya huku haina likizo ndefu. Majani mabichi hayangoji: yaliyochumwa leo sharti yafike kiwandani leo. Kwa hiyo lori likisimama katikati ya mlima kupakia, magari yaliyo nyuma hujipanga na kusogea hatua kwa hatua, tope likiwa chini ya magurudumu. Hapo ndipo Honda Fit ya haibridi au Volkswagen Golf inapoanza vituko ambavyo mwenyewe hakuvijua kwenye gari lake la zamani. Hushtuka ikiondoka. Husita dereva anapokanyaga mafuta ghafla. Foleni ikirefuka, harufu ya kitu kinachoungua hupanda kutoka chini ya boneti.

Si lazima gari liwe bovu. Neno otomatiki limebeba mashine ambazo hazifanani kabisa. Ya kwanza ni otomatiki ya zamani, ambayo injini huizungusha giaboksi kwa kusukuma mafuta ndani ya chombo kilichofungwa. Hakuna chuma kinachosuguana na chuma wakati wa kuondoka, na ndiyo maana gari la aina hiyo hujivuta polepole kwenye foleni siku nzima bila kulalamika. Ya pili ni ya mkanda: haina gia za kupanda ngazi kwa ngazi, bali mkanda unaohama kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana. Ya tatu, ile ya Golf na ya Fit tunayoizungumzia, kwa kweli ni giaboksi ya mkono. Ina gia za meno zilezile na klachi za sahani zilezile. Kilichoondolewa ni mguu na mkono wa dereva. Kazi yao inafanywa na kompyuta.

Klachi zenyewe ni mbili. Moja inashika gia witiri, yaani ya kwanza, ya tatu, ya tano na, zikiwa saba, ya saba. Nyingine inashika za pili, nne na sita. Kila klachi ina shafti yake, na shafti hizo kwa kawaida zimepangwa moja ndani ya nyingine: ya nje ina uwazi katikati, ya ndani inapita humo. Gari likiwa linakwenda kwa gia ya pili, kompyuta imeshaingiza ya tatu kwenye shafti nyingine, ila klachi yake bado imeachia. Wakati ukifika, klachi iliyoshika inaachia huku mwenzake anabana, na nguvu haikatiki. Ni mbio za kupokezana vijiti. Wakenya Asati, Nyamau, Ouko na Sang walipotwaa dhahabu ya mita 400 mara nne mjini Munich mwaka 1972, hakuna aliyesubiri kijiti akiwa amesimama. Mpokeaji huanza kukimbia kabla hakijamfikia.

Mfano huo ndio unaofaa kutoa jina. Yanayopendekezwa mara nyingi ni “klachi maradufu” na “klachi pacha”. Maradufu inadanganya, kwa sababu nguvu haiongezeki mara mbili. Pacha inapendeza mdomoni, lakini humfanya msikilizaji afikirie vitu viwili vinavyofanya jambo moja kwa pamoja, kumbe hapa kimoja kikishika kingine lazima kiachie. Zikishika zote kwa wakati mmoja giaboksi inavunjika. “Klachi mbili” ni sahihi na fupi, na haina kosa ila moja: haisemi zinafanya nini. Jina kamili basi liwe giaboksi ya klachi mbili za kupokezana, na mafundi wana ruhusa ya kulikata watakavyo. Wao ndio waliotuletea gia, klachi, breki na stata kutoka gereji hadi kwenye kamusi, bila kumsubiri mtu akae kwenye kikao.

Mwenye wazo la giaboksi hii ana uhusiano na Afrika Mashariki ambao wengi hawaujui. Adolphe Kégresse, Mfaransa aliyewahi kusimamia magari ya mfalme wa Urusi, Nicholas II, alijulikana kwanza kwa minyororo ya mpira ya kuendesha gari kwenye theluji. Kampuni ya Citroën iliifunga kwenye magari yake ya msafara uliovuka Afrika mwaka 1924 na 1925. Msafara huo ulipofika Kampala ukagawanyika makundi manne; moja likashuka hadi Mombasa, jingine Dar es Salaam. Mwaka 1939 Kégresse alisajili hataza ya giaboksi ya klachi mbili, vita vikaingia, naye akafariki mwaka 1943 bila kuiona ikiuzwa. Ilikosa kitu kimoja ambacho enzi hiyo hakikuwepo: kompyuta ndogo ya kukisia gia inayofuata. Porsche na Audi waliijaribu kwenye magari ya mashindano miaka ya 1980, na mwaka 2003 Volkswagen wakaiweka kwenye Golf R32 ya kuuzwa kwa watu wa kawaida. Malori nayo hayakuachwa: mwaka 2010 Mitsubishi Fuso ilitoa Canter yenye giaboksi iitwayo Duonic, ya kwanza ya aina hiyo kwa malori madogo.

Kukisia ndiko kunakoeleza ile hali ya kusita. Dereva akipunguza mwendo kabla ya kona ya murram, kompyuta huamini anataka kusimama, ikaandaa gia ya chini. Akibadili nia na kukanyaga mafuta, au kinyume chake, gia iliyoandaliwa si ile inayotakiwa. Lazima itolewe, nyingine iingizwe, ndipo kijiti kipokelewe. Ni sehemu ya sekunde tu, lakini kwa mtu anayeingia barabarani mbele ya lori la majani inatosha kumtoa jasho. Anayeizoea giaboksi hii hujifunza kuamua mapema na kukanyaga kwa mguu usiosita. Au husogeza wenzo wa gia upande wa kuchagua mwenyewe kabla ya mteremko, ili injini isaidie breki.

Kushtuka na harufu ni jambo jingine, tena zito zaidi. Klachi inayoteleza inatoa joto. Baadhi ya giaboksi hizi zina klachi zilizozama kwenye mafuta yanayobeba joto hilo. Nyingine zina klachi kavu, nyepesi na za bei nafuu, ambazo hazina pa kulipeleka. Giaboksi ya gia saba ya Volkswagen iliyoanza kutumika mwaka 2008 ni ya klachi kavu. Mwaka 2013 magari yake zaidi ya 380,000 yaliitwa kurudi nchini China kwa hitilafu. Honda nayo iliyarudisha magari ya Fit ya haibridi mara kadhaa tangu yatoke mwaka 2013, hadi rais wa kampuni, Takanobu Ito, akakatwa mshahara mwaka 2014. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyopita miaka minane, lakini yaliyoingia zamani bado yako barabarani, na hayakuja na daftari la kueleza yaliyoyapata Japani.

Fit ya kizazi hicho ina mota ya umeme kwenye shafti ya gia witiri. Betri ikiwa na chaji, mota ndiyo huanzisha mwendo na klachi inapumzika. Foleni ya mlimani ikimaliza chaji, klachi kavu inabeba mzigo wote, na dereva asiyejua anashangaa kwa nini gari lililopanda vizuri saa moja asubuhi linatetemeka saa nne.

Kosa kubwa mlimani ni kulishikilia gari kwa mafuta: kukanyaga kidogo ili lisirudi nyuma wala lisiende mbele. Kwenye otomatiki ya zamani tabia hiyo inapoteza petroli tu. Kwenye klachi za kupokezana, sahani zinasuguana muda wote huo. Breki ya mguu au ya mkono ndiyo ya kushikilia. Nafasi ikifunguka mbele, iachwe ifikie urefu wa gari moja au mawili, kisha gari liondoke mara moja, klachi ibane sawasawa. Anayepiga honi nyuma ataelewa siku yake.

Kwa anayenunua, swali la kumuuliza muuzaji si kama gari ni otomatiki. Aulize klachi ni kavu au ziko kwenye mafuta, na kama ni za mafuta, yalibadilishwa lini: kwenye giaboksi ya gia sita ya Volkswagen hubadilishwa kila kilomita 60,000. Kisha aombe kulijaribu gari kwenye mlima injini ikiwa imeshapata moto, lisimame katikati na kuondoka tena mara tatu au nne, redio ikiwa imezimwa.